Barza Mbele ya Nyumba

Mtu akiombwa kuandika juu ya mila za Fizi, kwa kawaida anaanza na tohara, mahari au ngoma. Hayo yote yana uzito wake. Sisi tumechagua kitu ambacho watu wanapita juu yake kila siku bila kukiita mila: barza, yaani ile sehemu yenye paa iliyo mbele ya nyumba, isiyo na ukuta wala mlango. Tumeichagua kwa sababu tuliijenga kwa mikono yetu wenyewe, ndugu watatu pamoja na mama yetu, katika kiangazi cha mwaka 2009 pale Baraka. Katika kazi ile tulijifunza mambo mengi, mengine ya sima na mbao, mengine ya watu.

Sanduku lenye mlango

Tulirudi kutoka Tanzania mwaka 2006. Kama familia nyingi za kwetu, tulikuwa tumevuka ziwa wakati wa vita vya mwaka 1996, tukapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Tangu mwaka 2005 HCR ilikuwa inarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, na sisi tulikuwa katika hao. Kiwanja cha marehemu baba tulikikuta, nyumba hatukuikuta. Vilikuwa vimebaki mawe ya msingi na kisiki cha mwembe.

Tukaanza na hema la plastiki. Halafu chumba kimoja, halafu cha pili, halafu cha tatu. Matofali ya kuchoma, mabati juu, mlango wa mbao wenye kufuli mbili. Mwaka 2008 tulijiona tumemaliza, na kusema kweli tulijivuna kidogo.

Basi baba mkubwa akashuka kutoka Fizi-centre kuja kutuona. Alizunguka nyumba yote, akagusa ukuta, akatazama juu kwenye mabati. Alipomaliza, hakusifu kitu. Aliuliza tu:

– Munajenga nyumba ama munajenga sanduku? Mutu akikuja kuwasalimia, atasimama wapi?

Tukamjibu kwamba mgeni ataingia ndani, viti vipo. Akatikisa kichwa.

– Ndani munaingizaka mutu mwenye munajua. Na ule mwenye hamujamujua? Nyumba bila barza ni nyumba ya mutu mwenye anafikiri kukimbia tena.

Maneno yale yalituchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Tulikuwa tumejenga kwa hofu. Kila kitu cha maana kiko ndani, nyuma ya kufuli, na hatua tatu kutoka mlangoni ni njia ya watu. Jioni tulikuwa tunatoa viti nje, mvua ikianza tunavirudisha. Kambini, katika vile vijumba vya tofali mbichi, karibu kila mtu alijinyoshea kipande cha nyasi mbele ya mlango apate kivuli. Ajabu ni kwamba kule ugenini tulikuwa na mahali pa kukaa na watu, na kwetu tulikuwa hatuna.

Lubunga na barza

Wazee wetu wa Kibembe hawakuhitaji barza kubwa kwa kila nyumba, kwa sababu kijiji kilikuwa na lubunga. Wasomaji wengi wanaijua, lakini watoto wetu wengi wameisikia jina tu. Lubunga ilikuwa mahali pa wanaume wote wa kijiji: paa juu ya nguzo, moto, na viti vya kukalia. Hapo walikula pamoja chakula kilichotoka katika majiko mbalimbali, hapo walisikiliza kesi, hapo mgeni alipokelewa kabla ya kuulizwa anakwenda wapi, na hapo vijana walikaa kimya wakasikiliza mpaka wakajua kusema. Ndugu zetu Walega nao wana kitu kama hicho, wanakiita lusu.

Neno barza lenyewe limetoka mbali. Katika Oman, barza ni kikao ambamo mtawala au wali huwapokea watu na kusikiliza shida zao. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, baraza ni viti vya mawe vilivyojengwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, watu wakakaa hapo kuongea na kunywa kahawa. Kule Lamu, nyumba za zamani zina daka, yaani kipenu cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni anapumzika bila kuingia kwa wenyewe. Misafara ya biashara ikaleta desturi hiyo mpaka Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba walikwenda kuketi kwenye baraza ya nyumba, chini ya paa lililotokeza, juu ya jukwaa la udongo lenye mkeka na ngozi ya mbuzi. Mazungumzo yao ya kwanza yalifanyika hapo, huku wenyeji wakiwatazama. Baadaye Wabelgiji wa wakati wa ukoloni nao walilichukua neno hilo, wakasema na kuandika «barza» katika Kifaransa chao cha Kongo, na ndiyo namna sisi tunalitamka mpaka leo.

Kwa hiyo neno moja linataja mahali pa kukaa, na linataja pia watu waliokaa hapo kuamua jambo. Hata katika Kivu Kaskazini, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wazee wa makabila mbalimbali walipokutana kutuliza ugomvi, kikao chao kilipewa jina la Barza.

Tunavyoona sisi, lubunga ilipopungua kwa sababu ya vita, kuhamahama, na watu kukusanyika mijini kama Baraka ambako kila mtu ana kiwanja chake, kazi yake haikufa yote. Sehemu yake ilihamia kwenye barza za nyumba. Hayo lakini hatukuyajua kwa kusoma. Tuliyajua tulipochimba shimo la nguzo ya kwanza.

Nguzo ya kushoto

Tulipanga barza ya urefu wa mita 6, sawa na uso wa nyumba pamoja na kipande kidogo upande wa kushoto, na kina cha mita 2,50. Tulinunua mabati 10 ya mita 3. Fundi hatukuwa na pesa ya kumlipa. Mmoja wetu alikuwa amesaidia mafundi kambini, huyo tukamfanya kuwa mkubwa wa kazi ingawa ndiye mdogo kwa kuzaliwa.

Siku ya kwanza tulipiga kamba. Ili pembe iwe sawa tulitumia hesabu ya 3, 4 na 5: kutoka pembeni unapima mita 3 kwenye ukuta, mita 4 kwenda mbele, na kamba ya kuunganisha alama hizo mbili lazima iwe mita 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, pembe imepotoka. Tukachimba mashimo matatu, yote mazuri. La nne, la kushoto kabisa, jirani akatoka nyumbani kwake akasimama juu yake.

– Hapa hapachimbwi.

Tukamwonyesha msingi wa baba. Akatuonyesha ukuta wa jiko lake, ambao ulikuwa wa udongo, hatua mbili tu kutoka pale.

– Maji ya mabati yenu itaanguka wapi? Itaanguka kwa jiko yangu.

Sauti zikapanda. Sisi tukataja hati ya kiwanja, yeye akataja miaka aliyolima pale. Watu wa njiani wakaanza kusimama. Ndugu wasomaji, ninyi mnajua mambo ya viwanja yanavyokuwa kwetu tangu watu walipoanza kurudi. Jambo kama hilo linaanza kwa shimo moja, na linaweza kufika ofisini, au linaweza kufika mahali pabaya zaidi. Mmoja wetu alikuwa bado ameshika jembe mkononi.

Mama alitoka nyuma ya nyumba akiwa na unga mikononi. Hakuuliza nani ana haki. Alituambia:

– Mumupatie baba kiti. Mutu akisimama, maneno yake nayo inasimama.

Tukaleta viti, tukaviweka ndani ya ile mistari ya kamba, pale ambapo barza ilikuwa haijakuwa bado. Jirani akakaa. Sisi tukakaa. Na alipokaa, hakuanza na maji. Alisema hivi:

– Miaka kumi nililima muhogo hapa mpaka kwa mawe ya msingi wa baba yenu. Munafikiri niliiba? Ningeacha, bengine bangeingia, na leo mungekuta nyumba ya bantu. Mulirudi, mukajenga, mukafunga mulango. Hata mumoja wenu hakukuja kuniuliza nani alichunga hii kiwanja.

Tulinyamaza, maana ilikuwa kweli. Miaka mitatu tulikuwa tunamsalimia «jambo» na kupita. Hatukumpelekea hata kilo ya ndagala kumshukuru, kwa sababu moyoni tulimhesabu kama mtu aliyekula shamba letu.

Mama akamshukuru pale pale, kwa jina la baba. Halafu wakaanza kukumbushana mpaka ulivyokuwa zamani, yeye na mama, wakifuata kile kisiki cha mwembe. Kulingana na kisiki, haki ilikuwa yetu. Jirani mwenyewe alikubali. Lakini maji nayo yangeanguka kweli kwenye jiko lake, na ukuta wa udongo hauwezi kuvumilia mvua ya Baraka kutoka Oktoba mpaka Mei. Tukaamua kupunguza barza mita moja upande ule, na kuchimba mfereji wa mawe wa kupeleka maji njiani. Shimo la nne tulilifukia, tukalichimba upya mita moja huku kwetu.

Ndiyo sababu barza yetu haifiki mwisho wa ukuta. Watu wengi wanatuuliza kama tulikosea kupima.

Kazi yenyewe

Tunaandika sasa namna tulivyofanya, pamoja na makosa yetu, kwa faida ya yeyote anayetaka kujijengea.

Mchanga tulichukua wa mto Mutambala, kwa sababu wa ufukoni ni laini mno na una magamba. Kwa sakafu tulichanganya ndoo 1 ya sima, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za changarawe, na maji kidogo tu. Ukizidisha maji, kazi inakuwa nyepesi lakini sakafu inakuwa dhaifu. Tulitandaza mawe kwanza, tukapigilia, halafu tukamwaga unene wa sentimita 6. Mifuko 8 ya sima ilimaliza sakafu, viti na vyote.

Usawa tuliupima kwa mpira unaoona ndani, uliojaa maji: maji yanasimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili, hata kama moja iko mbali. Lakini sakafu ya barza haitakiwi kuwa sawa kabisa. Tuliishusha sentimita 5 kutoka ukutani mpaka ukingoni, ili mvua ikipigwa na upepo, maji yarudi nje. Baada ya kusiriba, tulifunika magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7. Watoto wa mtaa walikatazwa kukanyaga. Mbuzi mmoja hakusikia, na alama zake zipo mpaka leo.

Paa tuliliweka chini ya mabati ya nyumba, ili maji ya juu yaanguke juu yake na kuendelea. Ukutani kimo ni mita 2,55, kwenye nguzo ni mita 2,10. Mteremko huo wa sentimita 45 unatosha.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, misumari. Mwenzetu mmoja alipiga misumari kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya kwenye mgongo wake. Mvua ya kwanza ya Septemba ilitufundisha: ilitudondokea sehemu kumi na moja. La pili lilikuwa baya zaidi. Nguzo za mkaratusi tulizichimbia ardhini moja kwa moja. Tulizipaka mafuta machafu ya motoka tukafikiri yanatosha. Mwaka 2010 mchwa walikuwa wameshakula mbili mpaka ndani. Ilibidi tutegemeze paa kwa miti, tukate nguzo chini, na kuzisimamisha upya juu ya viguu vya zege vilivyotoka sentimita 20 juu ya ardhi, na chuma kimeingia ndani ya mti kuishika. Tena tukafunga kila nguzo na boriti kwa waya mnene, maana paa la barza liko wazi chini na upepo wa ziwa unapenda kulinyanyua. Aliyetusaidia kushikilia boriti siku ile ni jirani. Bati moja lililobaki, baada ya kupunguza ile mita, lilikuwa limekwisha kuezekwa juu ya mlango wa jiko lake.

Viti

Kumalizia barza ndiyo kulileta mabishano marefu kuliko kujenga. Mmoja wetu alitaka tufunge upande mmoja kwa matofali, tupate chumba cha duka. Hesabu yake haikuwa mbaya: chumba cha mbele, karibu na njia, kinapangishwa haraka, na karo za watoto zilikuwa zinatusumbua. Mwingine alitaka tuweke vyuma mbele yote kwa sababu ya wezi. Hatuwacheki wanaofanya hivyo. Usiku kwetu watu wameona mengi.

Dada yetu ndiye aliyekata neno. Yeye tangu mwanzo ndiye aliyebeba mchanga mwingi kuliko sisi.

– Nyie munasifuka lubunga kila siku, akasema. Mwanamuke alikuwa analeta chakula kwa lubunga, anarudia jiko. Hii barza nimeijenga na mikono yangu, na mimi nitakaa hapa. Mukifunga, munanirudisha jiko.

Hatukuwa tumefikiri hivyo. Kumbe ndivyo ilivyo: kesi ya jirani ilisikilizwa ndani ya kamba zetu na mama yetu, mwenye unga mikononi. Katika lubunga asingekaa kiti kile. Barza imepoteza kitu, kwa sababu lubunga ilikuwa ya kijiji kizima, na hii ni ya mwenye nyumba, akitaka anaifunga. Lakini imepata kitu pia. Kwenye barza wanawake wanachambua maharagwe na kusikiliza maneno, na wanasema neno lao.

Basi hatukufunga. Tulijenga kiti cha matofali kando ya ukuta, urefu wote, kimo cha sentimita 45, tukakisiriba kwa sima laini. Kiti cha kujengwa kina uzuri wake: hakitolewi wala hakirudishwi ndani, na mtu hangoji kukaribishwa ili akae. Anayetoka sokoni na mzigo wa muhogo anaweka, anapumzika, anaondoka. Wengine mpaka leo hatujui majina yao.

Baba mkubwa alikuja tena kabla hajafariki. Alikaa kimya karibu nusu saa, akaomba bugali iletwe pale pale nje. Hakusema kwamba ni nzuri. Alisema tu kiti kingekuwa kipana kidogo, na tunakubali.

Neno kwa wanaojenga

Tangu wakati huo watu wa Fizi wamekimbia na kurudi tena, zaidi ya mara moja, na hatuwezi kumwambia mtu yeyote kwamba barza inazuia vita. Haizuii. Lakini tunawaomba wale wanaoanza kujenga leo wasiiache mpaka mwisho, kama sisi tulivyofanya. Acheni mita 2,50 mbele ya mlango tangu siku ya kupiga msingi, hata kama pesa ya mabati bado. Wekeni nguzo juu ya zege. Pigeni misumari kwenye mgongo wa bati. Na kabla ya kuchimba shimo la kwanza, nendeni kwa jirani mkamuulize maji yenu yataanguka wapi. Mpelekeeni kiti, au kaeni kwenye chake.

Yule jirani yetu sasa ni mzee sana. Jioni anavuka mfereji wa mawe, anakuja kukaa mwisho wa kiti upande wa kushoto, pale barza ilipokatwa. Watoto wetu wamezoea kumwachia mahali pale. Siku moja mmoja wao alimuuliza kwa nini barza haifiki mwisho wa ukuta, naye akaanza kumwelezea tangu mwanzo, tangu kile kisiki cha mwembe. Sisi tulikuwa ndani, tukapunguza redio tusikie atasema nini.